Ala Zipigwazo na Bahari

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa ya kuwa bahari ina sauti. Alalaye karibu na ufuko hujua, kabla hajafumbua macho, kama maji yamejaa ama yamekupwa. Sikio lake humwambia. Walakini kusikia bahari ni jambo moja, na kuipa bahari ala ya kupiga ni jambo la pili. Katika makala hii twataka kueleza habari za mafundi wa nchi za mbali ambao, katika muda wa miaka arobaini hivi, wametengeneza ala zisizo na mpigaji ila bahari yenyewe.

Twaeleza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Desturi hii ni mpya, nayo imekwisha kupata majina yake huko Ulaya na Marekani. Kwetu haijapata jina lililokubaliwa, na kitu kisicho na jina hakizungumzwi barazani. Ya pili ni nzito zaidi. Ala moja katika hizi haikufanywa kwa ajili ya furaha tu. Ni kama mlinzi aliyewekwa zamu ufukoni, naye ana neno la kuwaambia watu wote wakaao karibu na maji ya chumvi.

I. Maneno ya maji na maneno ya sauti

Kwanza yatupasa kuyatazama maneno tuliyo nayo, maana si machache. Kitenzi *kupwa* chatumika kwa maji yaondokapo ufukoni. Na humo, kama wajuzi wengi wa lugha wasemavyo, ndimo lilimotoka neno *pwani*, yaani mahali pa kupwa. Si mahali pa bahari tu, wala si mahali pa nchi kavu tu. Ni mahali ambapo maji huja na kwenda. Wenyeji wa pwani, basi, wamechukua jina la makao yao katika mwendo wa maji.

Chanzo cha mwendo huo ni mwezi hasa, na jua likisaidia. Kwa kuwa mwezi huchelewa kila siku kadiri ya dakika 50, maji nayo huchelewa vivyo hivyo; kutoka kujaa hata kujaa tena ni saa 12 na dakika 25, kwa kukadiria. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja *bamvua*, maji yajaayo sana na kupwa sana. Katikati yake, mwezi uwapo nusu, ni *maji mafu*, yasiyopanda mno wala kushuka mno. Katika Unguja na Mombasa tofauti ya maji siku za bamvua kuu hukaribia mita 4, na siku za maji mafu hupungua sana. Ndiyo maana mvuvi hahesabu kwa saa ya ukutani peke yake; yuna saa nyingine mbinguni.

Sasa tutazame neno jingine. Mtu aliyesema mno au aliyeshikwa na mafua hata sauti yake ikakauka, husemwa *amepwewa na sauti*. Masikio ya wazee yaliona ya kuwa sauti huondoka kooni kama maji yaondokavyo ufukoni, na pengine walitumaini ya kuwa itarudi kama maji yarudivyo. Lugha yetu, basi, ilikwisha kuunga maji na sauti zamani, kabla ya fundi ye yote wa siku hizi kufikiri habari hiyo.

Katika sauti zenyewe Kiswahili hutenga vizuri. *Kishindo* ni sauti ya kitu kipigacho kitu kingine, kama wimbi lipigapo mwamba. *Uvumi* au *mvumo* ni sauti ya mfululizo isiyokatika, nayo yasemwa ya upepo, ya nyuki, ya ngoma isikiwayo kwa mbali, na ya bahari. Tena yasemwa ya habari zipitazo kinywa kwa kinywa, na ya mtu mwenye sifa. Ngoma ivumayo sana, wahenga walisema, haikawii kupasuka. *Mlio* ni sauti ya kitu chenye umbo lake, kama kengele, au filimbi, au ndege wa namna fulani. Ukisikia mlio wamtambua mwenyewe. Na *wimbo* una mpango: una mwanzo na mwisho, na mwimbaji anajua kinachofuata. Msomaji ayashike maneno haya manne, kwa kuwa tutayarudia.

II. Gamba, pembe na upepo

Kufanya ala kwa kitu kilichookotwa si jambo la jana. Mwaka 1931, katika pango la Marsoulas kusini mwa Ufaransa, karibu na milima ya Pyrenees, lilipatikana gamba kubwa la konokono wa baharini. Pango hilo li mbali na bahari ya Atlantiki kwa zaidi ya kilomita 200. Gamba lililetwa na watu. Waliolipata walidhani ni kikombe cha kunywea, na kwa muda mrefu likawekwa katika makumbusho ya Toulouse kwa jina hilo. Baadaye wataalamu walilitazama tena kwa vyombo vipya, wakaona ya kuwa ncha yake, iliyo sehemu ngumu kuliko zote, ilivunjwa kwa makusudi, na ya kuwa ndani yake mlikuwa na alama za rangi nyekundu mfano wa zile zilizo katika ukuta wa pango. Wakampa mpiga baragumu alipulize. Likatoa sauti tatu safi. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2021. Na umri wa gamba hilo ni kadiri ya miaka 18,000. Kwa miaka tisini liliwekwa kabatini kama kikombe, kumbe lilikuwa ala.

Hapa yafaa kusema neno juu ya jambo ambalo watoto hulijua mahali pengi. Ukiweka gamba kubwa sikioni, wasikia kama bahari inavuma ndani. Si bahari, wala si damu ya mwilini kama wengine wasemavyo. Ni kelele ndogo ndogo za mahali ulipo, ambazo hewa iliyomo ndani ya gamba huzichagua: nyingine huzikuza, nyingine huziacha. Jaribu katika chumba kisicho na sauti kabisa, na gamba litanyamaza. Jambo hili ni dogo, walakini ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata: chombo chenye uwazi ndani hakizui sauti, huichagua na kuikuza ile ipatanayo na umbo lake.

Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo ina ala za namna hiyo, na iliyo kuu ni siwa. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu ni ya shaba. Zote mbili hupulizwa kwa tundu la ubavuni, nazo zilikuwa alama ya enzi na ya heshima ya nyumba kubwa katika arusi na sherehe. Zumari nalo lina ulimi wa jani kavu. Katika hizi zote vitu ni vya asili, lakini pumzi ni ya mtu. Mtu akichoka, ala hunyamaza.

Watu wa Ulaya walifikiri kuondoa pumzi ya mtu na kuweka upepo mahali pake. Athanasius Kircher, katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1650, alieleza kinubi kiwekwacho dirishani ili upepo upitao ugonge nyuzi zake. Kinubi hicho kilipendwa sana katika miaka iliyofuata. Ila upepo huja upendapo, hauna zamu. Bahari ina zamu. Ndipo mafundi wa siku hizi walipoiendea.

III. Ala ya mawimbi ya San Francisco

Mwaka 1976 Bill Fontana, Mmarekani, alikuwa katika mji wa Sydney, Australia, penye gati la saruji lielealo. Gati hilo lilikuwa na matundu, na kila wimbi lilipoingia chini yake lilisukuma hewa, na matundu yakalia. Hakuna aliyekusudia jambo hilo. Gati lilijengwa kwa ajili ya vyombo. Fontana akazinasa sauti hizo kwa mashine, watu wengine wapate kuzisikia.

Sauti hizo zikamfikia Peter Richards, fundi aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya elimu yaitwayo Exploratorium, San Francisco. Akaona ya kuwa kile kilichotokea kwa bahati chaweza kutengenezwa kwa makusudi. Akafanya kazi pamoja na George Gonzales, mwashi wa mawe, na mwaka 1986 ala ikamalizika, juu ya boma la mawe liingialo ndani ya ghuba. Ikatolewa kwa ukumbusho wa Frank Oppenheimer, aliyeianzisha Exploratorium mwaka 1969, naye alikuwa amefariki mwaka 1985.

Mabomba yake ni 25, ya plastiki na saruji, yamewekwa kwa urefu mbalimbali. Mengine midomo yake i chini zaidi katika maji, mengine juu zaidi. Wimbi liingiapo mdomoni husukuma hewa, na litokapo huivuta. Sauti zake si kubwa. Hazifanani na kinanda cha kanisani hata kidogo. Ni kama mtu asukutuaye kinywa, au kama mtungi ujazwao, na mara moja moja ngurumo ya chini itokayo mbali. Wakati mwema wa kuisikiliza ni maji yajaapo. Maji yakipwa, midomo mingi ya mabomba hubaki hewani. Kwa hiyo mgeni aendaye kwa saa yake mwenyewe huweza kurudi akisema hakuna kitu. Ala hii yamlazimisha mjini kujua jambo ambalo mvuvi alilijua: kuuliza maji kwanza.

Lipo jambo moja ambalo jarida la desturi za watu haliwezi kulipita. Mawe ya boma hilo, ya itale na marumaru, yalitoka katika makaburi yaliyobomolewa. Mji wa San Francisco, ulipokua na kukosa nafasi, uliwahamisha wafu wake nje, na mawe yasiyodaiwa na jamaa yakatumiwa katika kuta za pwani. Akaaye kusikiliza huketi juu ya mawe yaliyochongwa kwa ajili ya marehemu. Wako watakaosema ni kuwakosea heshima wafu, na wako watakaosema ya kuwa mawe hayo yamepata kazi bora kuliko kutupwa. Twadhani mambo mawili yapaswa kutengwa. Kosa, likiwa ni kosa, lilikuwa la mji uliosahau kuyadai mawe. Fundi aliyakuta pale. Lakini atakayeketi na asikilize akijua ameketi juu ya nini.

IV. Kinanda cha bahari cha Zadar

Zadar ni mji wa kale wa Kroatia, katika pwani ya bahari ya Adriatiki. Katika vita kuu ya pili ya dunia ulipigwa mabomu mara nyingi, na sehemu kubwa ya mji ikabomoka. Ulipojengwa tena, upande wa baharini uliwekwa ukuta wa saruji ulio mnyofu, usio na uzuri wala mahali pa kukaa. Mji ulikuwa umeipa bahari kisogo.

Mwaka 2005 Nikola Bašić, mchoraji wa majengo, aliubadili upande huo. Alitengeneza ngazi pana za mawe meupe zishukazo majini, urefu wake kadiri ya mita 70, nazo zimegawanyika katika sehemu saba. Chini ya ngazi hizo yamo mabomba 35 ya plastiki, matano kwa kila sehemu, yenye urefu, upana na mwinamo mbalimbali. Mdomo mmoja wa bomba u majini. Wimbi liingiapo, hewa iliyomo hubanwa na kupandishwa, ikapita katika ulimi mfano wa ulimi wa filimbi uliofichwa katika njia iliyo chini ya barabara. Hapo hulia, na sauti hutoka kwa matundu yaliyoachwa katika mawe. Mpita njia haoni bomba hata moja. Aona mawe na maji, na mawe yanalia.

Sasa fikiri jambo hili. Kama mafundi wangeweka mabomba kwa namna yo yote, bahari ingetoa fujo: sauti hizi na hizi zisizopatana. Kwa hiyo walichagua kwanza. Sehemu saba ziliwekwa sauti kwa zamu, hii kundi moja la sauti zipatanazo na ile kundi la pili, na makundi yote mawili yanapatana. Kwa hiyo hata wimbi lianzie wapi, na hata yalie mabomba mangapi pamoja, hapana sauti itakayogombana na mwenzake. Fundi hakutunga wimbo. Alichagua maneno yanayoweza kusemwa, akaiachia bahari kuyapanga.

Tena yafaa kuangalia ya kuwa Adriatiki si kama bahari ya Hindi. Katika Zadar maji hupanda na kushuka kwa kadiri ndogo, siku nyingi hayafiki nusu mita. Mpigaji wa ala hii ni wimbi hasa: wimbi la upepo wa alasiri, na wimbi la chombo kipitacho. Meli kubwa ipitapo, ala huanza kulia kwa nguvu baada ya kitambo, na asiyeiona meli hushangaa. Mahali pale palipokimbiwa pamekuwa baraza la mji; wazee na watoto huketi jioni wakilitazama jua likichwa. Mwaka 2006 kazi hiyo ilipata, pamoja na kazi nyingine, tuzo ya Ulaya ya mahali pa watu wote mijini. Twaona tuzo haikutolewa kwa ajili ya mabomba, bali kwa sababu mji uliokuwa umeipa bahari kisogo umegeuka na kuitazama.

V. Kengele ya majira na maji

Ala mbili tulizotaja hulizwa na wimbi, na wimbi ni kitu cha kitambo kidogo. Ala ya tatu hulizwa na maji yajaayo. Naye aliyeifikiri ni Marcus Vergette, mchonga sanamu na mpiga muziki akaaye Devon, Uingereza. Kengele yake ya kwanza iliwekwa mwaka 2009 huko Appledore, katika mlango wa mto upande wa kaskazini wa Devon. Mwaka 2010 nyingine iliwekwa Bosta katika visiwa vya magharibi vya Scotland, na nyingine London katika gati la Trinity Buoy. Mwaka 2011 ikawekwa ya Aberdyfi katika nchi ya Wales. Baada ya hizo zimefuata nyingine.

Kengele hii haivutwi kwa kamba. Imewekwa mahali ambapo maji hufika yakijaa, na ulimi wake umefungwa kwa namna ya kusukumwa na maji yenyewe. Maji yakipwa, kengele yaning'inia kimya juu ya matope au mchanga. Maji yakija, huanza taratibu, pigo moja, kisha kimya, kisha mapigo mawili. Halafu hulia kadiri mawimbi yanavyokwenda, mpaka maji yageuke. Kuta zake zimefanywa kwa umbo lisilo la kengele za kawaida, ili itoe sauti zaidi ya moja kwa pigo moja.

Hata hapa twaweza kusema ni kitu cha kupendeza tu. Lakini fundi alikusudia zaidi. Kipimo cha wataalamu wa dunia chasema ya kuwa kati ya mwaka 1901 na mwaka 2018 uso wa bahari, kwa kuchukua bahari zote pamoja, ulipanda kadiri ya sentimeta 20, na ya kuwa kati ya mwaka 2006 na mwaka 2018 ulipanda kadiri ya milimita 3.7 kila mwaka, yaani upesi kuliko zamani. Sababu zake kuu ni mbili: maji yapatapo joto huongezeka ukubwa, na barafu ya nchi kavu huyeyuka na kuteremka baharini.

Mtu atasema, Sentimeta 20 ni nini mahali ambapo maji hupanda mita nyingi kila siku? Swali ni jema, na jibu lake ndilo maana ya kengele. Kitu kilichowekwa juu kabisa katika ufuko hufikiwa na bamvua kuu peke yake, siku chache za mwaka. Uso wa bahari ukipanda kidogo, bamvua ndogo nazo hukifikia. Ukipanda tena, hata maji ya siku za kati hukifikia. Ongezeko ni dogo, lakini hesabu ya siku huongezeka sana. Mkulima wa pwani aliyeona maji ya chumvi yakiingia kisimani au katika shamba lake la minazi ajua jambo hili bila kitabu. Basi kengele, kwa kuwa imewekwa mahali pake na haiondoki, italia mara nyingi zaidi miaka ikipita. Na maji yakizidi kuimeza, mlio wake utabadilika. Haisemi siku ya leo kuna hatari. Yahesabu, na hesabu yake ni ya miaka mingi kuliko maisha ya mtu mmoja.

Mahali pa kengele ya nne pametupa mawazo. Watu wa Wales wana hadithi ya kale ya nchi iitwayo Cantre'r Gwaelod, iliyokuwa katika ghuba iliyo mbele ya Aberdyfi, imezungukwa na maboma ya kuzuia bahari. Mlinzi wa milango, jina lake Seithenyn, alilewa usiku mmoja akaacha milango wazi. Bahari ikaingia na nchi ikazama. Tangu hapo, wasema, usiku wa utulivu kengele za nchi ile husikiwa zikilia chini ya maji. Hadithi ni hadithi. Walakini upande wa pili wa mlango wa mto, karibu na Borth, maji yakipwa sana huonekana visiki vya msitu wa kale, vya miaka 4,500 na zaidi, vilivyomezwa na bahari. Msitu ule ulikuwako, na bahari iliuchukua. Kumbukumbu ya watu, hata ikivaa nguo za hadithi, yaweza kubeba kitu cha kweli. Na sasa, chini ya gati la Aberdyfi, kengele ya kweli yalizwa na maji. Katika hadithi kengele hulia baada ya nchi kuzama. Hii yalia kabla.

VI. Tuziiteje?

Twarudi kwa maneno manne ya mwanzo. Gati la Sydney lilitoa *mlio* bila kukusudiwa. Ala ya San Francisco yatoa *uvumi* na *kishindo* vilivyokuzwa. Fundi hakutaka kuficha ya kuwa ni maji, na twaona *ala ya mawimbi* ni jina liifaalo. Ala ya Zadar yatoa *mlio* ulio karibu na *wimbo*, kwa kuwa sauti zake zimechaguliwa. Hata hivyo haijawa wimbo, maana hapana ajuaye kinachofuata. Kwa kuwa watu wetu wamezoea kuita *kinanda* ala kubwa yenye mabomba na hewa, twaona *kinanda cha bahari* ni jina jema nalo lafahamika. Kengele ya Vergette twaiita *kengele ya maji kujaa*, jina lisilohitaji maelezo kwa mtu wa pwani.

Lakini je, ni muziki? Wako wakataao, wakisema ya kuwa pasipo mpigaji hapana muziki; na hoja yao si dhaifu. Kwetu ngoma si sauti tu. Ngoma ina wenyewe, ina siku yake, ina sababu yake, arusi au jando au mavuno. Sauti isiyo na sababu ni kelele. Kwa kipimo hicho ala ya San Francisco yaweza kushindwa, maana yalia usiku wa manane pasipo mtu. Walakini kipimo hicho hicho kinaitetea kengele. Ina siku yake, nayo ni bamvua. Ina sababu yake, nayo ni maji yanayokaribia nyumba za watu. Na wenyewe ni wale wakaao mahali pale, ambao yawapasa kuamua wataifanya nini habari wanayoletewa. Kwa hiyo twasema ya kuwa kengele hii, ijapokuwa haina mpigaji, i karibu na desturi ya ngoma kuliko vinanda vingi vyenye mpigaji stadi.

Maji yakijaa hupwa: mithali hiyo yafariji, na kwa maji ya siku moja ni kweli daima. Kwa maji ya miaka mia haina nguvu ile ile, maana yale yanayoongezwa na joto la dunia hayapwi na mwezi. Masikio yaliyozoea kujaa na kupwa huweza kudanganyika kwa sababu ya mazoea hayo hayo; kila siku yasikia maji yamerudi nyuma, hayasikii ya kuwa hayarudi mpaka pale pa jana.

Kwa sababu hiyo twawasihi wasomaji wa pwani, kuanzia visiwa vya Lamu hata Kilwa na mbele yake, wayakusanye maneno ya maji ya mahali pao: majina ya bamvua kubwa na ndogo, ya maji yaanzapo kuvuta, ya sauti ya mawimbi juu ya mwamba na juu ya mchanga, na ya alama ambazo wazee walitumia kujua maji yalifika wapi katika mwaka fulani. Maneno hayo si pambo la lugha tu. Mzee asemaye, Zamani bamvua haikupita mnazi ule, ametoa kipimo kilichowekwa ardhini. Na asipoulizwa, kipimo hicho chaondoka pamoja naye. Hapo ufuko utakuwa umepwewa na sauti, na bahari italia peke yake.